Shamba la Dada Yangu Limepata Mwenyewe

Mpwa wangu Agnesi,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma, marahaba. Huku juu Uluguru ni baridi, ukipuliza chai inaganda. Lakini jana mjomba wako niliutoa ukoo mzima jasho!

Tulikaa kikao cha shamba la marehemu mama yako. Akasimama Kosmasi, mwanangu wa kumzaa: "Baba, Agnesi ni mtu wa Dar, na baba yake Mgogo. Nipeni mimi."

Nikanguruma mpaka mawingu yakakimbilia Mikese. "Wewe! Sisi Waluguru tangu lini tunahesabu kwa baba? Ukoo wako uko kwa mama yako, kadai huko. Agnesi katoka tumboni kwa dada yangu!" Nikawataja mama yako, bibi yako na mama wa bibi bila kumeza mate. Wanawake wakapiga vigelegele.

Bibi mkubwa wa ukoo akasema, "Mwambieni mtoto wetu aje apande."

Kosmasi alinuna mpaka magimbi yalipoiva, kisha akala kuliko wote. Leo anakufyekea.

Njoo na sweta, mama. Udongo wako unakusubiri.

Mjomba wako, simba wa Uluguru