Kicheko cha Safu ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na tena shikamoo, maana ile ya barua iliyopita ulisema niliiandika kama mtu anayekimbilia gari. Hii naiandika nimekaa, mlango nimeufunga, na chai iko karibu. Naomba ikukute mzima, goti limepunguza ukorofi, na cherehani inazunguka bila kukukatia nyuzi. Mimi sijambo. Kifua kilinibana siku chache, kikaachia chenyewe kilipoona sikijali.

Nisamehe kwa kukawia kujibu. Barua yako niliisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda. Unasema mwenye nyumba amepandisha kodi ya chumba chako cha kushonea, na ulipomlalamikia akakwambia, bila hata haya, kwamba mimi ananiona kwenye televisheni kila jioni, na mtu ambaye mdogo wake yuko kwenye televisheni kila jioni hana haki ya kulia njaa. Akakupa mpaka mwisho wa mwezi huu ulipe au utoe cherehani yako nje. Kisha ukaniuliza swali ambalo najua umelimeza miaka mingi: hizo hela za televisheni zinakwenda wapi?

Mficha uchi hazai, dada. Hela haziendi popote kwa sababu haziji.

Unakumbuka nilivyoanza, kwa sababu gauni la kwanza la Mama Chumvi ulilishona wewe, kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mteja. Maua makubwa kama sahani. Nikaingia studio nimelivaa, bakuli mkononi, nikafungua mlango wa jirani bila hodi nikaomba chumvi kidogo, nikakaa mpaka wenye nyumba wakachoka, wakala, wakalala. Kazi yangu yote ilikuwa hiyo: kuomba chumvi na kutoondoka. Nani angejua kwamba watu wangeipenda hivyo?

Malipo yalikuwa kwa kila kipindi, ndani ya bahasha, Ijumaa. Tulikuwa tukiifungua pamoja kitandani kwako na kujiona matajiri. Lakini mkataba wenyewe niliusaini chumba cha kupakwa rangi, jicho moja limeshachorwa na la pili bado, huku wananiita niingie. Uliandikwa kwamba nimelipwa mara moja, kwa matumizi yote, kwa muda wote. Nikamuuliza bosi wa wakati ule hayo maneno ya mwisho yana maana gani. Akanipigapiga bega akasema maana yake ni kwamba wananipenda sana. Nami nikafurahi, nikasaini.

Basi wamenipenda mpaka leo. Kipindi kiliisha zamani, ila kinarudiwa asubuhi, kinarudiwa jioni, kimeuzwa nje, na katika yote hayo sijapata hata nauli ya basi. Na kazi nyingine hazikuja, kwa sababu kila nilipokwenda kujaribiwa walimwona Mama Chumvi. Niliwahi kuigiza mama aliyefiwa na mwanawe. Nililia machozi ya kweli, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nikaona nisigombane na riziki, nikaenda kuuza mapazia, na huko ndiko nilipo. Nilikuwa nakwambia niko kwenye mambo ya vitambaa, ukadhani nina kampuni. Mwenye duka ananilipa mshahara wa muuza mapazia, ila ananiweka karibu na mlango kwa sababu watu huingia kunichungulia, na mmoja mmoja hununua.

Mapato yangu ya kweli ya Mama Chumvi ni chumvi. Nakwambia kweli. Nikiingia duka lolote, muuzaji anacheka, ananitupia pakiti, anakataa pesa. Sukari ananiuzia, mchele ananiuzia, tena kwa bei ya nyota. Tangu siku zile sijawahi kununua chumvi. Uvunguni mwa kitanda changu kuna chumvi ya kutosha kukausha samaki wa ziwa zima.

Sasa habari yenyewe. Wiki ileile barua yako ilipofika, aliingia dukani mwanamke kijana, miwani kichwani, akaniuliza bei ya pazia ambalo nilijua hana dirisha lake. Nikamwacha aguseguse. Mwisho akasema yeye ni mtayarishaji, na kituo chao kinataka kurudisha kile kipindi chetu, kipya, na watu wapya. Walishajaribu. Walimchukua binti mzuri, wakampa gauni la maua na bakuli, wakajaza watu ukumbini, na watu wakakaa kimya kama wanasubiri kuitwa na daktari. Binti wa watu hakuwa na kosa, alisema, ila alikuwa anabisha hodi. Hata macho yake yalikuwa yanabisha hodi.

Akanialika ofisini. Wakaniwekea mezani karatasi yenye malipo ya mara moja, kiasi ambacho sijawahi kukiona kikiwa pamoja. Nilipiga hesabu haraka: kodi yako ya mwaka mzima, na chenji ya kunifanya nijidai. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Ndipo nikayaona maneno yaleyale, dada, “kwa muda wote”, yamekaa palepale chini kama mgeni asiyeondoka. Nikaiweka kalamu. Nikasema nataka kidogo, lakini nataka kila mara, kila kinaporushwa, kipya na cha zamani. Mtayarishaji akasema kwa upole kwamba kampuni haifanyi hivyo na waigizaji. Nikamwambia basi mimi nina mapazia ya kupima, nikaondoka.

Siku zilizofuata nilijitukana kwa kila tusi ninalolijua, na machache niliyoyatunga. Nilikuwa nimeichezea kodi yako kwa ajili ya ubishi wangu. Mwenye nyumba wako alikuwa anahesabu siku, na simu yangu imenuna. Mara mbili nilishika simu niwaambie nipeni tu hiyo karatasi. Mara mbili nikairudisha.

Jioni moja nilikwenda kwa fundi viatu, jirani yangu, kuchukua kandambili. Televisheni yake ilikuwa inarusha kile kipindi cha Mama Chumvi kuingia harusini na bakuli. Mimi kujitazama siwezi, najiona meno tu, kwa hiyo nikainamisha kichwa nikasikiliza. Na nikakusikia wewe.

Unajua unavyocheka. Kwanza unavuta pumzi ndefu kama birika linalokaribia kuchemka, watu wanasubiri, kisha kicheko kinatoka chote kwa mpigo, na mwishoni kofi la paja. Ulikuwa unakaa safu ya tatu, pembeni, karibu kila siku ya kurekodi, na watu walikuwa hawacheki mpaka uanze wewe. Nikatabasamu peke yangu. Halafu nikashtuka, maana siku tulipoigiza harusi hukuwapo. Ulikuwa umejifungua binti yako siku mbili kabla, na mimi nilitoka studio na lile gauni la maua nikaja kumbeba. Sasa ulichekaje safu ya tatu, nawe ulikuwa kitandani?

Nikamtafuta fundi sauti wetu wa zamani. Amestaafu, anafuga kuku, na bado anainamisha sikio moja ukiongea naye. Hakunificha. Alisema siku za mwanzo usipokuja, ukumbi ulikuwa unapoa kama chakula cha jana, basi akakata kicheko chako kwenye kanda akakihifadhi, na kila palipopoa alikipachika. Mlipohama kumfuata shemeji kazini, akaendelea kukitumia mpaka kipindi kikaisha. Na wenzake wa studio nyingine wakamwomba, akawagawia kama mtu anavyogawa mbegu. Kwa hiyo, dada, umecheka kwenye vipindi ambavyo hujawahi kuviona. Umecheka kuliko nilivyoigiza mimi. Alidhani tunajua. Alinipa mayai na nakala ya kicheko chako.

Basi waliponipigia simu hatimaye, nilikwenda na madai mawili badala ya moja. La kwanza walikuwa wameshalilainisha wenyewe, kwa sababu walijaribu mwanamke wa pili akawa mbaya kuliko wa kwanza. La pili ndilo lililowachekesha. Bosi alisema kicheko siku hizi kimo kwenye kompyuta, unabonyeza tu, na hakidai mshahara. Nikawaomba watuonyeshe kipande cha harusi mara mbili, kwanza na kicheko cha kompyuta, kisha na chako. Cha kompyuta kilipita, tukakitazama kama watu wazima. Kisha kikaja chako. Palikuwa na mwanasheria wao pembeni, mtu mwenye uso wa ankara ya umeme, sidhani kama aliwahi kutaniwa tangu azaliwe. Ulipovuta ile pumzi, naye akavuta. Ulipolipuka, akalipuka, kalamu ikamtoka mkononi. Akajikaza akaomba radhi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Nimesaini Jumatatu. Nitalipwa kila kinaporushwa. Vya zamani nitapata kidogo kuanzia sasa. Vilivyopita wamesema vimepita, nami nikaona nusu shari ni heri kuliko shari kamili. Maneno ya mwisho nimeyafuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikawauliza kama bado wananipenda. Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi.

Malipo ya awali nimeshayatuma kwa njia tuliyozoea. Mlipe mwenye nyumba mpaka mwisho wa mwaka, kwa kodi ile ya zamani maana anazipata zote kwa mkupuo, akupe risiti, na umwambie kwamba mdogo wako wa kwenye televisheni anamsalimia na siku moja atapita kwake kuomba chumvi.

Wewe nawe wamekutengea nafasi. Safu ya tatu, pembeni, kila siku ya kurekodi, kwa malipo, na sehemu yako kila kicheko chako kinaporushwa. Walitaka nikusainie, eti mimi ni ndugu. Nimekataa. Utakuja uusome mwenyewe, uulize maswali mpaka wachoke, na mtu akikupigapiga bega uweke kalamu chini.

Sasa dada, hapa ndipo mkono wangu unakuwa mzito. Nilipowaambia utakuja kucheka, nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na uhakika huo sina. Tangu shemeji atutoke sijakusikia ukicheka. Nimekupigia simu na vichekesho vyangu vyote, vizuri na vibovu, ukasema tu ehe, ehe, na hali ya hewa ikoje huko. Uliponitembelea ulikuwa unaziba mdomo kwa kiganja ukitabasamu, ukasingizia meno ya kubandika. Nami sikukubishia, kwa sababu mdogo hamwambii mkubwa namna ya kuomboleza. Nimewauzia watu kitu ambacho sijui kama bado unacho. Na ukweli mwingine, ambao sikumwambia hata fundi sauti: sikukiomba kwa ajili ya kipindi. Nilipokisikia pale kwa fundi viatu nililia mpaka akanipa kandambili bure. Nimekukosa, dada. Kwa barua uko karibu nami na cherehani yako, lakini wewe mwenyewe sijui uko wapi.

Kwa hiyo njoo. Kikitoka, kimetoka. Kisipotoka, utakaa safu ya tatu na kiganja mdomoni, na mimi nitaingia bila hodi na bakuli langu, nitakutazama wewe peke yako, nitaomba chumvi, wala sitaondoka. Chumba chako kimeshalipiwa vyovyote itakavyokuwa. Hiyo si ya kicheko, hiyo ni yako. Nilikaa kwako miaka mingapi nikila na kulala bila kuulizwa nitaondoka lini? Huyo Mama Chumvi unadhani nilimtoa wapi?

Nauli wanalipa wao. Nitakuwa kituoni kukupokea, utanitambua kwa watu watakaokuwa wananipa pakiti. Msalimie sana mpwa wangu, mwambie wiki aliyozaliwa mama yake alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Wasalimie na wateja wako, hata yule anayesema kila nguo ikimbana wewe umekosea vipimo.

Nakuombea safari njema na goti tiifu.

Ni mimi mdogo wako asiyebisha hodi,

Mama Chumvi

Nyongeza: Usibebe mizigo mingi. Gauni la maua kama bado lipo, lilete, litanibana kiunoni, utalipanua. Chumvi usilete.