Nilimharibia Mwenzangu Bima Yake kwa Sentensi Moja

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unihukumu, maana nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nje, na ndani ya chumba yupo rafiki yangu analia, na mimi ndiye niliyemliza, ila yeye hajui.

Sisi ni wasichana wawili, wanafunzi wa chuo mwaka wa tatu, tumepanga chumba kimoja ghorofa ya chini, mimi nasomea ubunifu wa mavazi, mwenzangu upigaji picha. Darasani wanamwita Risiti kwa sababu hatupi karatasi, hata akinunua soksi risiti inaingia kwenye bahasha, na kila kifaa chake amekipiga picha mbele na nyuma mpaka zile namba ndogo. Mwanzoni mwa mwaka shangazi yake ambaye ni muuguzi alimshauri akate bima ya mali za mpangaji, yaani chumba ulichopanga kikiungua au kikiingia maji, kampuni inakufidia vitu vyako. Risiti akanishika mkono, "Twende wote, dada, hiyo cherehani na kompyuta yako ni mali." Nikacheka mpaka nikakaa chini, nikamwambia sitamlipa mtu kila mwezi anisubirie ubaya.

Ubaya haukuchelewa. Mwezi uliopita, Jumanne tukiwa darasani, bomba la chumba cha juu likapasuka, na tuliporudi mchana dari ilikuwa imeporomokea meza yangu. Cherehani ya umeme ambayo mama alininunulia baada ya kushona sare za shule miaka miwili ilikuwa inachuruzika maji, kompyuta haikuwaka tena, na upande wa pili kabati la Risiti lilikuwa limelowa lote, pamoja na kamera na lenzi zake. Mwenye nyumba akaja amekunja suruali, akatazama juu, akasema, "Poleni sana, wanangu. Dari nitaitengeneza, jengo lina bima. Ila vyombo vyenu ni vyenu."

Mshauri, sitaki nikufiche. Nilipomwona Risiti anafuta machozi, anafungua bahasha yake na kupiga simu kwa kampuni, donge likanipanda kooni na halijashuka mpaka leo. Tulilowa na maji yale yale, chumba kile kile, kwa nini yeye alipwe na mimi nianike vitambaa? Nikaanza kumchukia mpaka anavyokunja blanketi, shangazi yake akipiga simu kumpa pole natoka nje, wanafunzi wakimsifu kwa akili yake nahisi wananisema mimi kwa ujinga wangu. Nikamwomba aiandike cherehani yangu kwenye orodha yake kama vile ni yake. Akanijibu taratibu, "Dada, hiyo ni kudanganya. Wakijua, tunakosa wote. Ila nikilipwa, godoro tutanunua la wote wawili." Angenitukana ningepona. Ule upole ndio ulioniumiza.

Kesho yake akaja mkaguzi wa bima, baba mmoja mpole mwenye miwani na faili, Risiti yuko kwenye mtihani, nikamfungulia mimi. Akapima ukuta, akapiga picha, akaniuliza, "Wewe unaishi naye. Kamera hii ilikuwa nzima kabla ya maji?" Nilijua ni nzima, siku moja kabla ya bomba kupasuka alinipiga picha nayo nikiwa nimevaa gauni nililoshona mwenyewe. Mdomo wangu ukasema, "Ilikuwa mbovu tangu mwezi uliopita, aliiangusha." Akaandika. Nikamtazama anavyoandika, na kwa mara ya kwanza tangu bomba lipasuke nikapumua.

Juzi Risiti alipokea barua. Madai yote yamesimamishwa kwa kuwa wamepata maelezo kuwa kamera iliharibika kabla, na amepewa siku kumi na nne za kujitetea, la sivyo faili linafungwa. Hawakumtaja aliyesema. Yeye anamshuku fundi anayemsafishia lenzi, amekwenda dukani kwake akamwita mnafiki mbele ya wateja, na yule mzee wa watu akabaki anasema tu, "Mimi, binti yangu? Mimi?" Mradi wake wa mwisho unataka picha arobaini na hana kamera, asipouwasilisha anarudia mwaka. Na leo amenijia na kalamu na karatasi, macho yamevimba, ananiambia, "Wewe ndiye shahidi wangu pekee. Niandikie tu kwamba ilikuwa nzima." Nikasema nakwenda kununua vocha, ndiyo nimekaa hapa kwenye ngazi.

Je, nimwandikie bila kueleza niliyoyasema kwa mkaguzi? Au nihame tu? Na kibaya zaidi, Mshauri, nikimsikia analia, kuna kipande kidogo ndani yangu kinasema afadhali sasa tuko sawa. Mimi ni mtu wa namna gani?

Mwenye donge, chumba cha chini.

*

Mwenye donge,

Barua yako nimeitoa nyuma ya foleni nikaiweka mbele, kwa sababu mwenzio anahesabiwa siku.

Nianze na pole. Cherehani ile ilikuwa jasho la mama yako na mkate wako wa kesho, na kuipoteza kunauma. Kuumia huko ni haki yako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini niambie, Risiti angelipwa kamera yake, kitu gani kingepungua kwako? Hakuna. Fidia yake haikutoka mfukoni mwako. Ulialikwa, ukashikwa mkono, ukacheka. Huo ulikuwa uzembe, na uzembe wote tumewahi kuufanya. Ulichofanya mbele ya mkaguzi si uzembe. Uliona mwenzio ana mwavuli, ukautoboa ili mlowe wote.

Unauliza wewe ni mtu wa namna gani. Ni mtu mwenye wivu, kama mimi, kama jirani yangu, kama wanaosoma gazeti hili wakijidai hawausomi ukurasa huu. Kile kipande kinachosema "afadhali" hutakiua leo, na wala sikutumi ukiue. Nakutuma ukikatalie kalamu na mdomo.

Ile barua ya ushahidi usiandike. Jina lako tayari limo kwenye faili, limesema mbovu. Likirudi leo likisema nzima bila maelezo, mkaguzi ataona wasichana wawili waliokaa wakapanga hadithi, na Risiti ataitwa tapeli kwa mara ya pili. Kuhama nako ni kumwachia moto ulioukoka wewe. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeshafika mwisho wake.

Nenda ofisini kwa kampuni kwanza, kwa sababu huko ndiko muda unakwisha. Usipige simu, nenda mwenyewe na kitambulisho. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mlezi wa wanafunzi wa chuo chenu akusindikize. Muulizie yule mkaguzi wa miwani, umwambie: "Nilidanganya. Kamera ilikuwa nzima. Nilisema vile kwa wivu." Kisha nyamaza. Usitie "lakini" wala hadithi ya cherehani. Omba waandike, utie sahihi, wapige muhuri, na ubaki na nakala. Beba na ile picha yako ya gauni kama unayo kwenye simu, maana ina tarehe. Huenda wakakukaripia, huenda wakakuandikia onyo. Pokea.

Halafu siku hiyo hiyo mpe Risiti ile nakala mkononi na umweleze kwa mdomo wako, kabla kampuni haijampigia. Usilie kumzidi, asije akaanza kukubembeleza wewe. Msamaha usiudai siku hiyo, ni mali yake na atautoa akitaka. Akisema hama, hama. Akisema kaa, kaa. Kisha mwende, au uende peke yako, kwa fundi wa lenzi, umsafishie jina mbele ya wateja wale wale, si kwa kumnong'oneza nyuma ya kaunta.

Mambo yako nayo. Mwambie mama ukweli wa cherehani. Waombe walimu wako nafasi kwenye cherehani za chuo baada ya vipindi. Na kama mliwahi kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja naye akapuuza, mrudieni kwa maandishi, hapo mna neno la kumuuliza. Nanyi wanafunzi wengine mnaosoma haya, bima ya mwenye nyumba hulinda kuta zake. Waulizeni wazazi kama bima ya nyumbani inawafikia mlipopanga, na kama haiwafikii, kateni yenu na msome mkataba mpaka herufi ndogo.

Siku Risiti atakapoingia na kamera mpya, moyo utakuchoma. Uache uchome, umwambie hongera, hata neno likitoka na miiba. La pili litatoka laini kidogo.

Ofisi nyingi hufungwa saa kumi. Inuka kwenye hizo ngazi, uvae viatu.