Nyumba ya Bi Mardhiya, Kiponda

Mji Mkongwe, Unguja
Ijumaa

Mama yangu mpenzi, Bi Ummkulthum,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta goti limeshapoa, na mwani wa safari hii haukuharibiwa na joto la maji. Mimi mzima, nala, nalala, na baraka za dua zako naziona. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kwa huruma, nami nataka unisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu ya kutembeza wageni unaijua. Huanzia Darajani, nikawaeleza kwamba jina hilo lilitokana na daraja la kweli. Palikuwa na hori ya bahari. Upande huu mji wa mawe, upande wa pili Ng'ambo. Hori ikafukiwa, majina yakabaki. Wageni hutazama lami kana kwamba wataona maji, nami hufurahi. Halafu twaingia vichochoroni mpaka Kiponda, kwenye nyumba ya Bi Mardhiya.

Bi Mardhiya ni mjane, anaishi na mjukuu wake Maisara, anayefundisha wasichana kushona. Kwa miaka mitatu watembezaji wamekuwa wakisimama mlangoni pake na kusimulia kwamba bibi harusi alizikwa hai ndani ya ukuta, na mpaka leo husikika akilia. Kisa kikatoka kwa wageni, kikaingia kwa majirani. Wanafunzi wa Maisara wakapungua mmoja mmoja. Mwezi wa Rajabu posa yake kutoka Jang'ombe ikavunjwa. Mama wa kijana alisema hataki mkwe aliyekulia kwenye nyumba ya mizuka.

Bi Mardhiya akatoka barazani, akatuuliza watembezaji kila mmoja alikisikia kwa nani. Kila mtu akamtaja mwenzake. Msabah, mkubwa wetu wa kazi, alitwambia tusijali, eti mji bila ya visa vya kutisha ni kuta kuukuu tu.

Mama, kisa kile nilikitunga mimi. Siku moja ya mvua wageni walikuwa wamechoka, wanachezea simu zao. Nikautazama ule ukuta mnene, maneno yakanitoka. Wote wakaziacha simu wakanitazama. Kesho yake nikakirudia, wenzangu wakakidaka. Na Bi Mardhiya aliponiuliza, nami nilijibu kwamba nilikisikia kwa watu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilikwenda kumwambia. Aliendelea kuchagua mchele. Nilipomwomba radhi akasema, "Radhi nitakupa, mwanangu. Lakini maneno yale uliyasema mlangoni. Kuyafuta chumbani hakutoshi."

Basi Jumanne nikasimama mlangoni mbele ya wageni na wenzangu. Nikasema kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hujengwa nene ili zibebe boriti za ghorofa. Hamna mtu ndani, na uongo ule ni wangu. Msabah alinifukuza siku ile ile. Nilifuatana na Bi Mardhiya mpaka Jang'ombe pia. Yule mama alinisikiliza kwa adabu, akasema kijana ameshaposa kwengine. Maisara hasemi nami, na ana haki.

Lakini sijaacha. Kila siku baada ya Alasiri nakwenda pale mlangoni, na mtembezaji akifika na wageni nawaambia ukweli. Wengine hunicheka. Jana watembezaji wawili walipita bila ya kusimama, na msichana mmoja amerudi kushona. Nitasimama pale mpaka kisa kile kiwachoshe midomoni mwao.

Nisalimie kaka Makungu na mkewe, na jirani zetu wote wa Kizimkazi. Na kama kisa hiki kimeshafika huko, ukikisikia kinasimuliwa, usinisitiri, Mama. Sema kilitungwa na mwanao, na ni uongo.

Wako anayekupenda,
Wanu