Nilisaini Kwamba Mtaa Wetu Una Intaneti

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana hasira niliyonayo sijui niielekeze kwa nani, na kila nikitafuta wa kumlaumu najikuta na mimi nimo. Mimi ni fundi wa nyaya za intaneti, mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina mume na watoto wawili, na kazi hii naijua, nimepanda nguzo na kuunga nyaya tangu sijaolewa.

Mwaka jana jiji lilitenga fedha za umma ili mitaa yetu hii ya vyumba viwili viwili ipate intaneti ya kasi kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, kwa sababu makampuni yalishatukataa, nyaya zao zinaishia barabara ya lami upande wa maghorofa, sisi tunabaki na bando la simu linalokukatikia katikati ya sentensi. Kazi akapewa mkandarasi ambaye msimamizi wake ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na yeye ndiye aliyeniingiza kazini, nikafurahi mno, nikamtangazia kila mtu kwamba safari hii ni zamu yetu na mimi mwenyewe ndiye nitakayewaunganishia.

Mshauri, tulichimba, tukafukia mabomba, tukapigilia visanduku vyeupe kwenye kuta za nyumba mia tatu na kumi na mbili, lakini nyaya za kupita ndani ya mabomba hazikuja, nikiuliza naambiwa ziko njiani, mpaka siku niliyotumwa kufanya kazi kwenye maghorofa mapya ng'ambo ya barabara, nikakuta mizingo ya kebo imeandikwa jina la mtaa wetu kwa rangi nyekundu, inavutwa kwenda ghorofa ya tisa. Nikamwendea shemeji. Akacheka, akanishika bega. "Shemeji, usiwe na haraka. Saini fomu, nyaya zitafuata."

Nikasaini. Nyumba baada ya nyumba, kwamba imeunganishwa, imepimwa, inafanya kazi. Wakubwa wakaja wakakata utepe, visanduku vikachomekwa, taa za kijani zikawaka, watu wakashangilia, na ile taa, mshauri, inawaka kwa umeme tu, ndani hamna kitu. Tukawaambia wasubiri, mitambo bado inarekebishwa. Wamesubiri miezi mitano.

Kilichonimaliza ni cha mwezi uliopita. Jirani yangu ni fundi cherehani, mjane, na binti yake mkubwa amesomea kazi ya maabara, amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi, sasa akaitwa usaili na hospitali moja ya mji mwingine, usaili wa kwa video, saa nne asubuhi. Wakasogeza cherehani pembeni, wakatundika shuka safi ukutani nyuma ya kiti, binti akavaa blauzi aliyoshonewa na mama yake kwa ajili ya siku hiyo. Saa tatu na nusu mama akanigongea. "Wewe ndiye fundi wetu, mwanangu. Hebu njoo ukitazame hiki kisanduku, taa inawaka lakini hakitoi kitu."

Nilikwenda. Nilichukua bisibisi nikafungua kisanduku ninachojua ni kitupu, nikakaa nacho dakika ishirini, nagusa hapa, napuliza pale, nasema "haya, jaribu tena," na binti anajaribu tena, kwa sababu sikuthubutu kumwambia ukweli. Mwisho akatumia bando la simu. Swali la kwanza alijibu vizuri. La pili picha ikaganda akiwa mdomo wazi, akatoka mbio, akapanda juu ya tanki la maji, simu kainyanyua, anapiga kelele, "Haloo? Mnanisikia?" Hawakumsikia. Kazi akapewa mwingine. Na unajua yule mama aliniambia nini wakati natoka? "Ahsante mwanangu, umejitahidi."

Alhamisi ijayo mkaguzi wa jiji anakuja, na shemeji ameniletea karatasi nyingine nisaini, kwamba hitilafu zote zimekwisha. Nimemwambia mume wangu sitaki. Akasema, "Yule ndiye aliyenisomesha. Ukimtaja yeye umenitaja mimi." Mama mkwe haitikii tena salamu yangu. Nikisema, ndoa inavunjika na pengine nafungwa mimi, maana sahihi ni zangu. Nikinyamaza, nitapitaje mbele ya mlango wa yule mama? Watoto nawafokea bure. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Aibu

* * *

Fundi,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaitupa mezani, nikazunguka chumba mara mbili, ndipo nikakaa. Nakuonea huruma, na huruma yenyewe naimaliza kwa sentensi moja: ulitumiwa na mtu uliyemwamini, katika kazi unayoipenda, na hilo linauma. Basi. Sasa tuongee.

Dakika ishirini! Ungesema pale pale, "Mama, kisanduku hiki ni kitupu," binti angekuwa na nusu saa ya kukimbilia ng'ambo ya barabara akaombe mahali penye mtandao wa maana. Nyaya zimeibwa na shemeji yako. Ile nusu saa umeiba wewe, kwa bisibisi, ukimtazama usoni.

Na hizo fedha si za mkandarasi, wala si za wakubwa waliokata utepe. Fundi cherehani amezichangia kila aliponunua uzi na vifungo. Zilitengwa kwa sababu wa ghorofa ya tisa angeweza kujivutia waya mwenyewe, na yeye hakuweza. Sasa amemlipia wa ghorofani, amebaki na taa ya kijani ukutani, na bado anasema ahsante! Hiyo ahsante ndiyo inayonitia wazimu.

Mumeo mwambie hivi, bila kupandisha sauti: kaka yake alimsomesha yeye, hakusomesha nyumba mia tatu na kumi na mbili. Mama mkwe mwamkie kila siku, asipoitikia endelea na shughuli zako. Kuhusu kufungwa, siwezi kukudanganya, mimi si hakimu. Tafuta leo ofisi ya msaada wa sheria umweleze mwanasheria yote. Ila aliyekwenda mwenyewe kusema haonwi sawa na aliyekutwa amejificha.

Hiyo karatasi usiisaini. Usiseme utafikiria, sema hapana. Piga picha visanduku vikiwa wazi, namba za nyumba zionekane, na midomo ya mabomba matupu. Kisha, kabla ya mkaguzi, kabla ya mtu yeyote, nenda kwa yule mama mchana kweupe, binti yake akiwepo, useme yote, na zile dakika ishirini usiziruke. Usitangulize machozi. Msamaha usiuombe siku hiyo, utakuwa unawaongezea kazi nyingine.

Kwa mkaguzi usiende peke yako, nenda na wenye nyumba. Mpeni bisibisi afungue kisanduku kwa mkono wake. Na nisikilize vizuri hapa: msidai tu mtu akamatwe, daini waya. Akifungwa mtu na mabomba yakabaki matupu, mtakuwa mmepata habari ya gazetini, intaneti hamna.

Jibu hili nilikutumia kwenye simu Jumamosi, kabla ya kulichapa, kwa sababu shemeji yako naye anajua kusoma. Leo Alhamisi asubuhi umeniandikia: "Nimemwambia yule mama. Amenifokea mtaa mzima ukisikia, amesema nisikanyage kwake tena. Halafu akavaa viatu, akapita nyumba kwa nyumba kuita watu. Tuko nje ya ofisi alimofikia mkaguzi, arobaini na kitu. Picha ameshika binti yake. Mume wangu hajaja."

Pole kwa hilo la mwisho. Ingia ndani.