Nusu ya Maana ya Dojo

Nachingwea, 18 Juni

Mdogo wangu Modest,

Salamu za nyumba hii zikufikie huko Ruangwa. Sisi tunaendelea kupulizia mikorosho dawa, na kifua changu kinavumilia. Najua nawe u mzima, maana matusi yako yanafika hadi sokoni kwetu.

Umewatangazia watu kwamba Amri, mwanafunzi wako wa zamani, ndiye aliyekuchongea kwa kamati ya kigango mpaka ukanyimwa ukumbi wa karate. Umemwita nyoka mbele ya wateja wake. Nami umeniletea ujumbe kwamba mzee mwenye kabati zima la vitabu ameshindwa kumtetea ndugu yake. Basi tulia nikufundishe, kwa kuwa neno dojo umelichora ukutani kwa rangi nyekundu bila kulisoma.

Dojo ni mahali pa kufuatia njia. Wapiganaji hawakulianzisha. Wabudha wa Japani walilitumia kwanza kwa mahali Buddha alipoketi akapata mwanga, kisha kwa kumbi za mahekalu yao. Baadaye sana walimu wa mapigano wakalichukua, na leo ni ukumbi wa mazoezi tu, hakuna anayeabudiwa humo. Wanafunzi hufagia sakafu kwa heshima ya mahali. Wa kwako wanakufulia nguo.

Katekista Tadeo wa kigango chenu alikuja kwangu kwa pikipiki, ametumwa na kamati kuuliza maana hiyo. Nilimweleza habari za Buddha na mahekalu, nikaishia hapo. Akauliza kama kuna zaidi. Nikamjibu kwamba hakuna, na kamati ikaamini unataka ukumbi wa ibada ya kigeni. Amri hakusema neno lolote. Ni mimi.

Kwa miaka thelathini na minne ya ualimu sikuwahi kukata somo kwa makusudi. Nilikata hilo kwa ajili ya binti yangu Rahel, niliyemleta kwako ajifunze karate. Ulituambia alianguka kwenye bodaboda. Siku chache kabla Tadeo hajaja, alinieleza kwamba ulimkunja mkono mbele ya wenzake hadi ukavunjika, kwa sababu alikuomba apumzike, na kwamba ulimwonya asiniambie, eti presha itaniua.

Haijaniua. Jumapili naenda kigangoni kumalizia somo. Nitaeleza maana yote ya dojo, nitakiri nilivyomdanganya Tadeo, kisha nitaeleza habari za mkono wa Rahel. Kamati iamue ikishajua yote. Ukitaka kutangulia kusema, una siku nne.

Rahel na mama yake wanawasalimu watoto wako. Wewe hawakukutaja.

Kaka yako,
Kasmiri