Mnazi Usio Wake Wala Wangu

Ukunda, Jumapili baada ya alasiri

Kwa mke wangu mpenzi, Mama Zuhura,

Salamu zikufikie ukiwa mzima wa mwili na moyo, wewe na wote waliomo nyumbani. Mgongo wako je? Na ukuta wa jikoni, umesimama au mvua imeushinda? Mimi afya ninayo, alhamdulillahi, ila nimekonda kidogo, nawe ungeniona ungenisema.

Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu tulizosomea chuoni ili uisome kwa macho yako, asikusomee mtu. Isome yote kabla hujasimama. Mke wangu, nimefukuzwa kazi kule Msambweni, na sababu iliyotajwa ni wizi. Wallahi sikuiba. Nimetaka neno hili ulisikie kwangu, kwa maana mpwa wa Bwana Abudi, yule Abudi aliyemposea mwanawe Zuhura wetu, alipita Msambweni kununua mbata akayasikia maneno ya watu, naye akimaliza ununuzi wake atarudi huko Faza.

Unajua marehemu Bwana Saidi alinipa usimamizi wa shamba lake la minazi, na miaka tisa nimekaa na wakwezi na wafuaji wa nazi pasipo neno. Katika shamba lile kuna mnazi mmoja, karibu na kisima, ambao mama yake marehemu aliuweka wakfu kwa msikiti mdogo wa kijijini. Ardhi ya Bwana, mnazi wa msikiti. Kwetu hilo halina ajabu. Nazi zake hupikiwa wali wa Maulidi, nyingine huuzwa msikiti ukapata mikeka na mafuta ya taa.

Marehemu alikuwa mwoga wa Mungu. Alinikataza nazi hizo zisipite uani kwake hata siku moja. "Zikichanganyika na zangu, Mohamedi, nitakula cha msikiti bila kujua, na wewe utaulizwa pamoja nami." Basi kila tunapoangua, zile nazitia pakachani mwenyewe, natoka nazo kwa upenyo wa uzio wa nyuma ya shamba, moja kwa moja mpaka msikitini. Sasa fikiri: mtu anatoka kwa nyuma, kabeba pakacha la nazi, hakupita kwa mwenyewe. Asiyejua ataona nini?

Na asiyejua ni Salimu, mwanawe Bwana, aliyekulia Mombasa kwa wajomba zake akarudi kurithi baada ya matanga. Alinikuta pale penye upenyo.

"Pakacha hilo linakwenda wapi?"

"Msikitini, Bwana."

"Ala! Msikiti nao siku hizi una mlango wa uchochoroni?"

Nikamweleza yote. Akacheka, akaniuliza hati iko wapi. Hati gani, mke wangu? Yule bibi alitoa neno lake mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, na wengi wa watu hao wameshatangulia mbele ya haki. Hata hivyo kosa langu naliona. Babake alipofariki nilipaswa kumshika mkono kijana nimpeleke mpaka chini ya mnazi ule, nimwambie, huu si wako. Nilidhani anajua. Nani asiyejua mnazi wa wakfu?

Akanipeleka uani, mbele ya wakwezi na wanawake wanaobanika mbata, akasema, "Huyu mnayemwita Maalim ni mwizi." Hamisi mkwezi alikuwa angali juu ya mnazi, akaita kutoka huko huko, "Basi nami nishuke mwizi, Bwana, maana aliyeziangua ni mimi!" Watu wakacheka. Mimi niliitazama miguu yangu tu.

Watu wa msikiti walinipa pole. Wakaniambia nivute subira, wao wanatafuta maneno ya kumwambia Salimu. Mpaka leo wanatafuta. Nimewalaumu kidogo, kisha nikatubu.

Siku ya tano tangu anifukuze, Salimu akaleta ujumbe: nije uani, niseme mbele ya wale wale, "Nilichukua, nisamehe," nami nitarudi kazini siku hiyo hiyo. Hamisi akanihimiza, "Kaka, ulimi hauna mfupa. Liteme neno, ule wali." Mama yake, Bi Mwanamisi, ambaye ndiye aliyenipa hifadhi, akamkemea: "Nyamaza wewe! Huo huo usio na mfupa ndio uvunjao mifupa ya watu."

Nilikwenda. Sikufichi, nilikwenda nimeshakata shauri kulisema. Nilimfikiria Zuhura na harusi yake, nikakufikiria wewe na mgongo wako. Nilifua kanzu, nikatawadha. Nikafika, wale wale wamekusanyika, Salimu kakaa barazani. Nikafungua kinywa. Ndipo nikaona: nikisema nilichukua, nimeshuhudia kwamba nazi zilikuwa zake. Mnazi utakuwa wake kwa ulimi wangu, na sadaka ya maiti nimeinyang'anya mimi. Nikamwambia, "Bwana, ningekuwa nimechukua chako ningekuangukia miguuni. Lakini radhi unayoitaka inakupa mnazi usio wako wala wangu."

"Basi nenda kale makuti," akasema.

Njiani nililia, mke wangu. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nikalia mpaka nikafika kwa Bi Mwanamisi, naye akanitilia uji bila kuniuliza kitu.

Hamisi ndiye aliyenitafutia kazi huku Ukunda. Nafua nazi. Nasimama mbele ya kifuo, kile chuma cha kupasulia makumbi, tangu asubuhi, na viganja vimepasuka, ndiyo maana mwandiko unauona umepinda. Ni kazi ya vijana, nao hunitania, "Mzee, kifuo hakitaki dua, kinataka kiuno!" Nacheka nao.

Linalonikaa rohoni ni moja. Nilikataa bila kukuuliza, na riziki ile ilikuwa yako na ya mtoto pia. Kwa hilo nakuomba radhi. Ukiona nilikosea, niandikie hivyo hivyo, usinisitiri. Nitakusikiliza, ingawa uani kwa Salimu sirudi.

Nakuomba uende kwa Bwana Abudi na mkewe kabla mpwa wao hajafika. Usitume mtu. Waambie mumeo amefukuzwa kwa neno la wizi, na kwamba hakuiba, kisha unyamaze. Usiwabembeleze. Wakiivunja posa, waage vizuri, kwa maana nao wana jina la kulinda. Wakitaka muda, wape.

Mama mkwe mbusie mkono kwa niaba yangu. Ndugu yangu Shee mwambie asije huku na hasira zake. Jirani anayekuchotea maji siku za mgongo, Mungu amlipe. Na Zuhura, mwambie babake hakuiba. Mwambie hilo kwanza, salamu baadaye.

Ni mimi mumeo, nikuombeaye kila baada ya sala,

Mohamedi bin Omari