Kosa Uliloniachia Migosi

Nekesa, dada yangu,

Jumatatu ijayo nakwenda Nairobi kufanya ule mtihani wetu wa mitandao ya kompyuta. Kutwa nzima mbele ya mitambo: unajenga mtandao kwa mikono yako, kisha wanakuletea mwingine ulioharibika uutengeneze huku saa inakukimbiza. Tulijiandikisha pamoja. Nitaufanya peke yangu, na sikuandikii kuomba baraka. Nakuandikia kukiri.

Chumba chetu cha Migosi, hapa Kisumu, kiko vilevile, ila nguo zako kaka yako alikuja kuzichukua. Zile rauta tano za kuunganishia mtandao tulizookoteza sokoni Kibuye, moja moja, ukizipuliza vumbi mbele ya muuzaji kama mtu anayechagua maharagwe, bado ziko kwenye rafu na feni zake zinalia.

Unakumbuka mchezo wetu. Mmoja anatoka kununua mandazi, mwingine anaharibu kitu kimoja makusudi, anayerudi atafute. Mimi nilikuwa nikikuharibia kwa fujo, na wewe ulikuwa ukitoa karatasi, unachora kila rauta na kila waya, unapata. Mimi sikuwahi kuchora. Ulikuwa ukisema, "Akinyi, wewe una haraka ni kama unafukuzwa na mbwa."

Jumamosi ile pumu ilipokubana, ukaamua kwenda kwa mama yako Port Victoria kupumzika, uliniachia kosa moja. Ulisimama mlangoni, begi begani, ukacheka huku unakohoa: "Hii hutapata. Ukishindwa nipigie, usijifanye."

Sikupiga. Jumapili nilibadilisha anwani zote. Jumatatu nilirudia amri mstari kwa mstari. Jumanne nilishika simu, jina lako likiwa kwenye kioo, nikaiweka chini, maana nilijua utanicheka mpaka Krismasi. Nikajiambia nitapiga nikishapata. Kiburi tu, Nekesa. Hakikuwa kitu kingine. Hata sikujua kwamba pumu imezidi, kwa sababu sikuuliza. Jumatano jioni kaka yako ndiye aliyepiga.

Kisha yakaja mazishi. Watu walisimama mmoja mmoja kueleza walivyokujua. Walipomwita rafiki wa Kisumu, nilitikisa kichwa nikabaki nimekaa. Mama yako alidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu, lakini pia ilikuwa aibu.

Tangu hapo sikuzigusa rauta. Kila nilipotaka kuzifuta mipangilio nianze mazoezi upya, mkono ulikataa. Kosa lile ndilo kitu cha mwisho ulichofanya humu ndani kwa mikono yako. Na mtihani unakuja, hauna habari na msiba wa mtu.

Kwa hiyo jana nilikwenda Port Victoria nikamwambia mama yako ukweli wote. Alikuwa akianika dagaa wake wa omena. Alinisikiliza bila kuacha kazi, kisha akasema, "Alikuwa anaangalia simu tu, mwanangu. Sikujua anakungoja wewe." Nililia palepale kando ya nyavu, hadi akaniinua. Halafu akaingia ndani, akaniletea daftari lako.

Mchoro wetu wote uko ukurasa wa mwisho. Kumbe ulikuwa umebadilishana waya mbili nyuma ya rafu, basi! Hakuna amri uliyogusa. Taa zote zilikuwa za kijani, kwa hiyo sikuwahi kuinuka kitini kutazama. Mtu mzima, fundi, siku zote hizo! Nilicheka, dada, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Leo asubuhi nimezirudisha waya mahali pake na mtandao umeamka. Kisha nimefuta kila kitu, nikaanza upya kwa karatasi na penseli. Nakuahidi, Jumatatu sitagusa kibodi kabla ya kuchora. Na nikikwama, kwa kazi au kwa maisha, nitawauliza watu wakiwa bado hai. Pumzika, Nekesa wa mama. Pumua vizuri huko.

Ila chini ya ule mchoro uliandika mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, na tangu jana siachi kuusoma: "Akinyi hatapiga, namjua. Alhamisi nitampigia mimi."

Akinyi